Magellan hakuzunguka dunia, na wala hakuwa na mpango huo

Kila nikiona posti inasema Ferdinand Magellan, yule baharia Mreno aliyeongoza msafara wa meli za Hispania, ndo wa kwanza kuzunguka dunia nashangaa, yule bwana si alifia njiani? Tarehe 27 Aprili 1521, kisiwa cha Mactan, Ufilipino ya leo, alijitia kwenye ugomvi wa wakubwa wa visiwani ambao haukumhusu, meli zikashindwa kusogea ufukweni, akashuka na watu wachache wakatembea kwenye maji ya mapajani, na watu wa Lapulapu, chifu wa Mactan, walipoona kifuani kuna chuma wakawa wanalenga miguu. Basi, akaishia hapo.

Aliyefika Hispania na meli ya Victoria, Septemba 1522, ni Juan Sebastián Elcano, na watu 18 yeye akiwemo, wakati walitoka meli 5 na watu kama 240 hivi. Na huyo Elcano mwaka 1520 alikuwa kwenye kundi lililomwasi Magellan, akasamehewa maana wakiua waasi wote nani ataendesha meli?

Halafu kuna ile ya eti walienda kuthibitisha dunia ni duara. Wapi! Wasomi walishajua, Eratosthenes, msomi wa Ugiriki ya kale, alishapiga hesabu ya mzingo wake zaidi ya miaka 1,700 kabla. Ishu ilikuwa karafuu, ambayo enzi hizo ilitoka visiwa vya Maluku tu (Zanzibar ilikuja kupandwa baadaye sana, karne ya 19), na njia ya kupitia Afrika ilikuwa mikononi mwa Wareno. Magellan mwenyewe aliijua, mwaka 1505 alisafiri na msafara wa Almeida, kamanda wa Wareno, ule ule ulioivamia Kilwa na kuichoma Mombasa.

Kwa hiyo plani ilikuwa kwenda kwa magharibi na kurudi huko huko. Ila Bahari ya Pasifiki waliikadiria ndogo mno, walikaa miezi mitatu na siku 20 bila chakula kipya, wakawa wanaloweka ngozi za kwenye mlingoti baharini siku nne tano ndo wazichome wale, panya wanauziana kwa hela, na kiseyeye kinaua. Meli yao nyingine, Trinidad, ilijaribu kurudi kwa kupitia Pasifiki ikashindwa. Elcano yeye akaona bora akate Bahari ya Hindi kwa kujificha Wareno wasimnase, na ndo hivyo dunia ikazungukwa. Karafuu alizobeba, zaidi ya tani 20, zilirudisha gharama za msafara.