Je, wajua kwa nini Mjapani wa kwanza kucheza Bundesliga, ligi kuu ya soka ya Ujerumani, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya nyaya za umeme?

Yasuhiko Okudera alipojiunga na klabu ya Köln ya Ujerumani Magharibi mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 25, nchi yake haikuwa na mchezaji hata mmoja wa soka wa kulipwa. Ligi ya Japani, iliyoanza mwaka 1965, ilikuwa ya timu za makampuni, na wachezaji wake walikuwa wa ridhaa: waliajiriwa kama wafanyakazi wengine, wakapokea mshahara wa kazi, na mpira ukawa sehemu ya maisha yao ndani ya kampuni. Okudera alikuwa wa Furukawa Electric, watengenezaji wa nyaya.

Nafasi ya kwenda Ulaya ilijitokeza bila yeye kuitafuta. Katika majira ya joto ya mwaka huo timu ya taifa ilikwenda Ujerumani kufanya mazoezi, naye akapelekwa Köln, ambako kocha Hennes Weisweiler alivutiwa na winga huyu mwenye mbio na shuti kali la mguu wa kushoto. Okudera hakukubali papo hapo, na ni rahisi kumwelewa, kwani mfanyakazi wa kampuni kubwa ya Kijapani alikuwa na uhakika wa ajira hadi kustaafu, ilhali mkataba wa mpira haukuahidi lolote baada ya kumalizika.

Msimu wake wa kwanza ulimalizika kwa namna ambayo hata mtunzi wa hadithi angeona aibu kuibuni. Siku ya mwisho, tarehe 29 Aprili 1978, Köln na Borussia Mönchengladbach walikuwa sawa kwa pointi, Köln wakiongoza kwa tofauti ya mabao 10. Mönchengladbach wakaifunga Dortmund 12-0. Mjini Hamburg, Köln walikuwa wakicheza na St. Pauli, wakashinda 5-0, na mawili kati ya mabao hayo yalikuwa ya Okudera. Ubingwa ukaamuliwa kwa tofauti ya mabao 3; ukiyaondoa yale mawili ya Mjapani, linabaki moja tu. Kombe la Ujerumani walikuwa wameshalitwaa.

Mwaka uliofuata, katika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, Nottingham Forest walikuwa wametoka nyuma kwa mabao mawili na sasa wanaongoza 3-2 nyumbani kwao, kwenye uwanja uliojaa matope. Okudera akaingizwa kutoka benchi na kusawazisha. Forest walishinda mchezo wa marudiano 1-0 mjini Köln, na hatimaye wakawa mabingwa.

Baada ya kupita Hertha Berlin, alihamia Werder Bremen mwaka 1981. Huko kocha Otto Rehhagel alimtumia zaidi upande wa kushoto nyuma, kazi isiyo na sifa nyingi magazetini, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza kwa nini alidumu: winga mwenye mbio hupatikana, bali mtu anayekubali kujifunza kazi upya akiwa karibu na miaka 30 ni adimu. Bremen walishika nafasi ya pili mara tatu akiwa nao, na jumla ya michezo yake ya Bundesliga ikafikia 234, rekodi ya Wajapani iliyosimama hadi Makoto Hasebe alipoivuka miongo mitatu baadaye. Gharama yake ilikuwa jezi ya taifa, ambayo hakuivaa kwa muda wote aliokuwa Ujerumani.

Mwaka 1986 alirejea Furukawa, na hapo chama cha soka kikakabiliwa na swali lisilokwepeka: mtu aliyelipwa Ulaya kwa miaka tisa angesajiliwaje kama mchezaji wa ridhaa? Okudera, pamoja na Kazushi Kimura, wakawa wa kwanza kusajiliwa rasmi nchini humo kama wachezaji wa kulipwa. Ligi ya kulipwa yenyewe, J.League, ilianza mwaka 1993, miaka mitano baada ya Okudera kutundika daluga.