Uchovu wa Macho Utokanao na Skrini ni Nini?

Uchovu wa macho ni jina la mkusanyiko wa dalili zinazompata mtu aliyekaza macho kwa muda mrefu kwenye kitu kilicho karibu: macho huwasha na kuchoma kana kwamba yameingiwa na mchanga, maandishi hufifia, shingo hukakamaa, na kichwa huuma, hasa kwenye paji la uso na nyuma ya macho. Hali hii haikuanza na kompyuta, kwa kuwa washonaji na mafundi saa waliijua zamani. Tofauti ni kwamba mshonaji huinua kichwa kuzungumza na mteja, ilhali karani wa leo huacha kompyuta ya ofisini akashika simu ndani ya daladala, na simu hiyohiyo akalala nayo.

Jicho linapotazama mbali, msuli mdogo unaoizunguka lenzi hulegea. Linapotazama karibu, msuli huo hukaza ili lenzi ivimbe na kuleta picha sawasawa, na wakati huohuo misuli ya nje huyavuta macho yote mawili yaelekee puani. Kazi yenyewe si nzito. Kinachochosha ni kuishikilia bila kupumzika, kama mtu aliyeambiwa anyooshe mkono wenye kikombe cha maji kwa saa nzima. Simu huzidisha mzigo huo, kwa sababu wengi huishika karibu zaidi kuliko kompyuta.

Sababu ya pili ni kope. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika, lakini akizama kwenye skrini idadi hiyo hupungua sana, pengine ikashuka chini ya nusu, na hata anapopepesa, mara nyingi kope hazifungi kabisa. Kila upepeso husambaza upya utando mwembamba wa machozi, ambao juu yake una mafuta yanayozuia maji yasikauke upesi. Upepeso ukikosekana utando hukatikakatika, na feni au kiyoyozi kinachopuliza usoni hukamilisha uharibifu. Hapo ndipo linapotokea jambo linalowashangaza wengi: macho makavu hutiririka machozi. Jicho lililokereka huyamwaga kwa wingi ili kujinusuru, mwenyewe akadhani ana maji kupita kiasi.

Maumivu ya kichwa yana chanzo zaidi ya kimoja. Mwako wa dirisha unaoakisiwa kwenye skrini humfanya mtu akunje uso bila kujua, na kuinamia simu huelemea misuli ya kisogo. Hata hivyo, chanzo kinachosahaulika mno ni kukosa miwani inayofaa: mtu aliyevuka miaka 40, ambaye lenzi yake imeanza kuwa ngumu, au kijana mwenye kasoro ya kuona ambayo haijapimwa, anaweza kumeza vidonge vya maumivu kwa miezi wakati anachohitaji ni kupimwa macho.

Lipo pia suala la miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, ambayo huuzwa kwa maneno mengi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua kwa pamoja matokeo ya tafiti za afya, yaliyochapishwa mwaka 2023 na kukusanya majaribio 17, hayakuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho katika muda mfupi ikilinganishwa na miwani yenye lenzi za kawaida. Hilo halishangazi, kwani shida hapa ni msuli na kope zaidi kuliko rangi ya mwanga.

Nafuu huletwa na mambo ya kawaida. Wataalamu hupendekeza kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20; namba hizo zimechaguliwa ili zikumbukike, na asiye na saa atazame tu mwembe ulio nje ya dirisha. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, chini kidogo ya usawa wa macho, ili kope zifunike sehemu kubwa ya jicho na machozi yasikauke haraka.

Dalili za uchovu hupungua mtu akipumzika. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika, kuona duara za rangi kuzunguka taa, kupoteza uoni ghafla, au kichwa kilichoanza kuuma kwa kishindo ni mambo mengine kabisa, na mwenye nayo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.