Lewes Wakati wa Baridi: Jinsi Mji Mdogo wa Uingereza Unavyopashana Habari

Tarehe 27 Desemba 1836, yapata saa nne na robo asubuhi, bonge kubwa la theluji lililokuwa limejikusanya kwenye ukingo wa mlima wa chokaa ulio juu ya mji wa Lewes, kusini mwa Uingereza, lilimeguka na kuporomokea nyumba za maskini zilizokuwa chini yake katika mtaa wa South Street. Watu 15 walifukiwa. Saba walifukuliwa wakiwa hai na 8 walikufa, na mpaka leo hakuna maporomoko mengine ya theluji nchini humo yaliyoua watu wengi kiasi hicho. Miongoni mwa walionusurika alikuwamo mtoto wa kike wa miaka 2, ambaye gauni lake jeupe limehifadhiwa katika makumbusho ya Anne of Cleves House mjini hapo. Baa iliyojengwa baadaye mahali penyewe inaitwa Snowdrop Inn.

Kwa sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha umma kuhusu majanga, jambo zito zaidi katika habari hii ni kwamba wakazi wale walikuwa wameonywa. Theluji ilianza kuanguka mkesha wa Krismasi ikisukumwa na upepo mkali, na jioni ya tarehe 26 kipande kimoja kilikuwa kimeshaporomoka na kuharibu ghala la mbao lililokuwa jirani. Waliambiwa wahame, wakabaki. Sioni haki ya kuwaita wakaidi. Mtu asiye na mahali pengine pa kulala, mwenye moto kidogo ndani na dhoruba nje, hupima onyo kwa kumtazama anayelitoa na kwa kujiuliza kama kuna mlango mwingine utakaofunguliwa akibisha. Taarifa peke yake haimwondoi mtu nyumbani kwake. Humwondoa pale inapotoka kwa watu anaowajua na kuambatana na msaada anaouona. Ndiyo maana makala haya yanayazungumzia matukio ya baridi na taarifa za jamii kwa pamoja, kwa kuwa katika mji kama Lewes mambo hayo mawili hupita katika njia moja.

Lewes ndio makao makuu ya jimbo la East Sussex. Una wakazi wapatao 17,000, umekatizwa na mto Ouse, na umezungukwa na vilima vya chokaa vya South Downs. Kutoka Brighton ni kilomita 13 hivi, na katikati ya miji hiyo miwili, pale Falmer, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sussex, ambacho kwa miongo mingi kimepokea wanafunzi kutoka Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliyetoka Morogoro au Kisumu akifika Septemba hukuta bado kuna mwanga hadi jioni. Kisha, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kufikia Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Giza hilo huwachosha wageni kuliko baridi yenyewe, na wengi hujifungia ndani katika miezi ileile ambayo wenyeji hutoka zaidi kukutana.

Tukio kubwa kuliko yote ni la tarehe 5 Novemba. Nchi nzima ya Uingereza hukumbuka siku hiyo kwa fataki na mioto, kwa sababu mwaka 1605 kundi la Wakatoliki lilipanga kulipua Bunge pamoja na Mfalme James wa Kwanza, na Guy Fawkes akakamatwa akilinda mapipa ya baruti chini ya jengo. Lewes inalo kumbukumbu jingine lililoungana na hilo. Kati ya mwaka 1555 na 1557, chini ya Malkia Mary wa Kwanza, Waprotestanti 17 walichomwa moto hadharani mjini humo kwa ajili ya imani yao. Kwa hiyo katika maandamano ya usiku huo hubebwa misalaba 17 inayowaka, na maelfu ya watu hupita kwenye barabara nyembamba za mteremko wakishika mienge, wakiwa wamevaa fulana za mistari ambazo rangi zake humtambulisha kila mmoja na chama chake.

Vyama hivyo ndivyo ninavyotaka msomaji avizingatie. Lewes Borough, Cliffe, Commercial Square, Southover, South Street na Waterloo ni vyama vya mitaa, vinavyoendeshwa na wanachama wenyewe kwa michango, kwa kujitolea na kwa kazi ya mwaka mzima. Wanatengeneza mienge kwa mikono, wanashona mavazi, wanaunda sanamu kubwa za kuchomwa, wanafundishana namna ya kushika moto katikati ya umati, na wanachangisha fedha kwa ajili ya mashirika ya hisani. Chama cha Cliffe kilianzishwa mwaka 1853, na watoto wa leo huandamana wakiwa wamevaa rangi walizovaa babu zao. Katika miaka mingi ya kuchunguza jinsi jamii zinavyojiandaa kwa hatari, nimejifunza kwamba ukitaka kujua nani atamgongea mlango mzee anayeishi peke yake siku mto utakapofurika, utafute kwanza orodha ya watu waliozoea kukutana kufanya jambo jingine kabisa. Lewes orodha hiyo ipo, na imekuwapo kwa vizazi.

Haifai kuuficha upande mgumu wa sherehe hii. Sanamu ya Papa Paulo wa Tano, aliyekuwa Papa mwaka 1605, bado huonekana pamoja na ile ya Guy Fawkes, na bango la kupinga Upapa halijaisha, ingawa siku hizi wengi hulichukulia kuwa ni historia ya mateso ya karne ya 16. Kuna pia jambo linalotuhusu Waafrika moja kwa moja. Kwa miaka mingi wanachama wa chama kimojawapo walijipaka nyuso rangi nyeusi na kuvaa kama Wazulu. Mwaka 2017 kikundi cha ngoma za Kizulu kilichoalikwa kushiriki kiliwaeleza waziwazi kwamba jambo hilo linadhalilisha, na chama kikakubali kuacha kupaka rangi hiyo. Binafsi nalihesabu hili kuwa mfano mzuri wa mazungumzo ya jamii: waliokosewa walisema wakiwa ndani ya shughuli, ana kwa ana, na wenye mila wakasikia.

Kwa mgeni, taarifa ya kwanza ya usiku huo ni ya usafiri. Barabara za katikati ya mji hufungwa mapema, maduka hufunika vioo vyake kwa mbao, na katika miaka ya karibuni treni haziendelei kusimama Lewes wala kwenye vituo vya jirani jioni ikishaingia. Mamlaka na vyama vyenyewe husema bila kuzunguka kwamba hii ni shughuli ya wenyeji, na kwamba watu wa mbali wasimiminike, kwa sababu njia ni nyembamba na moto ni mwingi. Anayeishi mjini humo avae nguo za pamba au sufu badala ya nguo za nailoni zinazoshika moto upesi, awazibe watoto wadogo masikio, na aliondoe gari lake kwenye mitaa iliyotajwa kwenye matangazo. Tarehe 5 ikiangukia Jumapili, sherehe hufanyika Jumamosi inayotangulia, kama ilivyokuwa mwaka 2017 na 2023.

Siku chache baadaye, Jumapili ya pili ya Novemba, mji huohuo hukusanyika kwa utulivu kwenye mnara wa mashujaa ulio High Street kuwakumbuka waliokufa vitani. Kwa Mswahili siku hiyo si ya wengine tu. Wabeba mizigo na askari kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) walikufa kwa maelfu mengi katika Vita Kuu ya Kwanza, na Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili kwa heshima yao. Katika vita vya pili, wengine walipigana Burma. Mtu anayetoka Afrika Mashariki ana kila sababu ya kusimama pale na kuvaa ua jekundu la karatasi.

Sasa, nani hutoa taarifa gani? Mgeni wa Lewes hukutana na halmashauri tatu, na asipozitofautisha atapoteza siku nzima kwenye simu. Halmashauri ya jimbo, East Sussex County Council, hushughulika na barabara, maktaba na huduma za ustawi kwa wazee na walemavu. Magari yanayomwaga chumvi barabarani usiku ili barafu isigande ni yake, na hupita barabara kuu kwanza, hivyo vichochoro vya mteremko hubaki na utelezi. Halmashauri ya wilaya huzoa taka, hushughulikia nyumba na hukusanya kodi ya halmashauri. Halmashauri ya mji, Lewes Town Council, iliyo karibu zaidi na wananchi, husimamia kumbi na baadhi ya viwanja. Matangazo ya kwaya, masoko ya Krismasi, michezo ya kuigiza ya watoto, chakula cha pamoja na vyumba vyenye joto hupatikana zaidi maktabani, makanisani na kwenye mbao za matangazo za mitaani. Watu wengi wa kwetu Afrika Mashariki huzipita mbao hizo bila kuzitazama kwa sababu wamezoea kupata habari kwenye makundi ya WhatsApp ya wenzao wa lugha moja. Makundi hayo yana faida yake, lakini hayajui kwamba maji yanapanda katika mtaa wa Cliffe.

Na maji hupanda kweli. Tarehe 12 Oktoba 2000 mto Ouse ulifurika baada ya mvua kubwa, maji yakaingia katika majengo zaidi ya 800 mjini Lewes, na mashua za waokoaji zikapita kwenye mitaa ya maduka. Tangu hapo kingo zimeimarishwa katika baadhi ya sehemu, lakini tahadhari ndiyo kinga ya kwanza. Nchini humo tahadhari za mafuriko hutolewa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, kwa ngazi tatu, ambazo msomaji aliyezoea lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania anaweza kuzilinganisha na angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ngazi ya kwanza inamtaka mtu ajiandae, ya pili achukue hatua mara moja, na ya tatu inamaanisha maisha yako hatarini. Mkazi anaweza kujiandikisha bure kwa anwani yake ili apigiwe simu au atumiwe ujumbe, na ningemshauri kila mpangaji wa nyumba iliyo karibu na mto afanye hivyo siku ileile anapokabidhiwa ufunguo, bila kungoja mwenye nyumba amkumbushe.

Baridi nayo ina tahadhari zake, zinazotolewa na shirika la usalama wa afya pamoja na idara ya hali ya hewa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, kwa rangi ya njano, kahawia ya machungwa na nyekundu. Ushauri wa kitaalamu ni kupasha joto chumba unachokaa kufikia angalau nyuzi 18 za Selsiasi, hasa kwa mwenye miaka 65 au zaidi na mwenye maradhi ya moyo au mapafu, kwa kuwa baridi ya ndani ya nyumba hupandisha shinikizo la damu kimyakimya. Chanjo ya mafua ni bure kwa wazee hao, kwa wajawazito na kwa wenye maradhi fulani. Wanaopokea baadhi ya ruzuku za serikali hulipwa pauni 25 kwa kila siku 7 mfululizo ambazo wastani wa joto katika eneo lao unafikia sifuri au chini yake. Umeme ukikatika, namba ya kupiga ni 105. Kwa ushauri wa afya usio wa dharura ni 111, na kwa dharura ni 999. Mwenye kutumia mashine ya tiba nyumbani, au mwenye mtoto mchanga, aombe kampuni za umeme na maji zimwandikishe kwenye daftari la wateja wa kupewa kipaumbele. Huduma hiyo haina malipo, na inasikitisha kuona ni wageni wangapi hawajawahi kuisikia.

Tarehe 25 Desemba hakuna treni, mabasi ni machache mno au hayapo kabisa, na maduka karibu yote hufungwa. Tarehe 26 pia ni sikukuu. Siku za kuzoa taka hubadilika, na maduka ya dawa hufungua kwa zamu. Anayetumia dawa kila siku azichukue mapema, na asiye na familia karibu aulize mapema pia ni ukumbi gani utakaoandaa chakula cha mchana.

Saa husogezwa mbele tena Jumapili ya mwisho ya Machi. Kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni sheria inataka kila mji wenye halmashauri ya mji uitishe mkutano wa mwaka wa wapigakura, ambao si kikao cha madiwani bali ni wa wananchi, na mpigakura yeyote wa mji ana haki ya kusema. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaoishi Uingereza kihalali wanaweza kujiandikisha kupiga kura kwa sababu nchi zao ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Basi mkazi aliyeteleza Januari kwenye kichochoro kisichomwagiwa chumvi, au aliyekosa kujua kwamba ukumbi wa jirani ulikuwa na joto na chai, anaweza kwenda kulisema hilo pale, kwa jina lake na kwa mtaa wake, kabla baridi nyingine haijaingia.