Je, wajua kwa nini gego la mwisho huvimbisha taya?

Asubuhi ya Julai pale Uyole, kijana akipita amejifunga mtandio kidevuni, shavu moja limetuna, watu watamwambia ni baridi. Baridi ya Mbeya ni kali kweli, na jino bovu huisikia kuliko kiungo chochote, lakini haivimbishi taya. Kama kijana huyo ana miaka kati ya 17 na 25, mshuku kwanza gego la mwisho kabisa la chini, jino la hekima.

Mtu mzima huwa na meno 32, na meno manne ya hekima ndiyo huota mwisho, wakati taya mara nyingi limeshajaa. Jino likikosa nafasi hulala ubavu, au huchungulia nusu tu na nusu nyingine ikabaki chini ya ufizi. Hapo chini ya kifuniko cha nyama ndipo shida inapoanzia. Ukitafuna hindi la kuchoma, kile kiganda chembamba cha punje huteleza kikaingia humo, na mswaki haukifikii. Bakteria huzaliana, ufizi huvimba, kisha gego la juu huukanyaga kila unapotafuna. Nao huzidi kuvimba.

Binti wa jirani yangu alikuja akilia kwamba taya limeteguka. Kinywa chake kilipitisha kidole kimoja tu. Kwa kawaida vidole vyako vitatu, vikiwa vimesimamishwa kimoja juu ya kingine, huingia. Taya lilikuwa salama. Uvimbe ulikuwa umefikia misuli ya kutafunia, ikakaza. Maumivu ya gego hili pia hupanda hadi sikioni, na wapo wanaonunua dawa ya masikio bure.

Sukutua kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara kadhaa kwa siku. Usibandike aspirini kwenye ufizi, huuunguza. Na tafadhali, usinunue vidonge vichache vya amoksilini ukajiona umepona: uvimbe utashuka, lakini kifuniko kipo palepale. Daktari wa meno atasafisha chini yake, apige eksirei aone jino limelalaje, ndipo aamue kama ling'olewe.

Uvimbe ukiteremka chini ya kidevu na shingoni, ukapata homa, mate yakamezeka kwa shida au pumzi ikawa nzito, usingoje kupambazuke. Uwe Tukuyu au Makambako, tafuta usafiri wa hospitali usiku huohuo, kwa sababu uvimbe wa hapo unaweza kuziba njia ya hewa.