Kabla Kijana Hajaripoti JKT: Picha ya Mzazi na Mwanawe

Majina ya waliochaguliwa kwenda JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, yakishatoka, wateja wa studio yangu ya picha hubadilika. Paspoti saizi na picha za harusi zinapisha kidogo, wanaanza kuingia watu wawili wawili: mama na kijana wake, baba na binti yake, mara nyingine bibi na mjukuu aliyemlea. Kijana amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, na mwisho wa mwezi huohuo au mwanzoni mwa Juni anatakiwa awe kambini. Wenye bahati ya kubaki huku Tanga kwetu wanapangiwa Maramba au Mgambo. Wengine ni Makutupora kule Dodoma, Oljoro Arusha, au Bulombora, Kigoma, ambako mzazi akisikia tu nauli anakaa chini.

Karibu wote wanakuja na wazo moja kichwani. Kijana asimame katikati, kifua mbele, mkono kwenye paji la uso, apige saluti. Na mzazi? Mzazi ashike pochi pembeni.

Mimi saluti siipigi picha. Kijana hajafundishwa bado, mkono unakaa ovyo, na akirudi kutoka kwenye kwata atakuwa wa kwanza kuomba picha ile itolewe ukutani. Lakini hata angeipatia sawasawa, bado ningekataa. Huyu atapigwa picha nyingi za kijeshi siku ya kufunga mafunzo, akiwa na kombati na wenzake wa kombania. Ya nyumbani, kabla hajawa kuruta, haina siku nyingine. Na atakayebaki nayo ni mzazi, katika kipindi ambacho simu ya mwanawe itakuwa imezimwa. Kwa hiyo kwangu mzazi ni mhusika kamili wa picha hii, si mpambe.

Kuna wanaoniuliza kama studio ina kombati ya kuazimisha. Haina, na haitakuwa nayo. Raia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo ni kosa, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi, JWTZ, lilitoa siku saba wenye nguo hizo wazisalimishe. Sitaki mtoto wa watu aanze safari yake kwa kesi.

Avae nini, basi? Nawaambia waje na nguo za kawaida, na waje na mzigo wenyewe. Watu hawaamini, lakini vitu vilivyotajwa kwenye tangazo la JKT vinapendeza sana kwenye picha: bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti. Rangi zimekwishapangwa na jeshi, mimi napokea tu. Zaidi ya rangi, vitu hivi vinaipa mikono kazi, na mikono ndiyo inayoharibu picha za mzazi na mtoto mkubwa.

Hapa nikae kidogo. Mtoto mdogo unampakata, kazi imekwisha. Kijana wa miaka 19 au 20 hujui umshike wapi. Mama wengi bado wanaweza kumvuta mtoto wa kiume begani. Baba na binti yake ni habari nyingine: katika nyumba nyingi za huku hawakumbatiani mbele za watu, na mpiga picha anayewalazimisha kwa sababu ameona hivyo kwenye Instagramu anapata picha ya watu wawili wanaoona aibu. Mimi siwaambii washikane. Nawapa shughuli.

Alikuja mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, na binti yake aliyepangiwa Makutupora. Mzee alisimama kama anasubiri kupimwa urefu. Nikamwomba: "Mzee wangu, hebu mkagulie mwanao mzigo, kama ulivyokuwa unakagua gari kabla ya safari." Akatoa miwani mfuko wa shati, akachukua karatasi, akaanza.

"Bukta?"

"Ipo, baba."

"Ina zipu? Wamesema isiwe na zipu."

"Haina, baba."

"Shuka mbili?"

"Zipo."

"Soksi nyeusi?"

Kimya. Binti akaziba mdomo. "Moja imebaki kwenye kamba."

Mzee akainua macho juu ya miwani. Nilibonyeza hapo. Hawajagusana, hakuna anayetazama kamera, na ukimwonyesha picha ile mtu asiyewajua atakuambia huyu ni baba yake.

Kwa mama na binti, ombi langu ni moja: mkitaka kufumua nywele, msifumue kabla hamjaja. Kambini hakuna mitindo ya nywele, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya safari rasta zinafumuliwa na nywele zinapunguzwa. Binti anakaa chini mkekani, mama juu ya kigoda nyuma yake, kitana mkononi, na mazungumzo yao yanaendelea kana kwamba sipo. Uzuri mwingine ni kwamba nyuso zote mbili zinaangalia upande mmoja, moja juu ya nyingine, kwa hiyo nikibana tundu la lenzi kiasi, hadi f/5.6, zote zinaonekana wazi bila shida. Nikilifungua sana, hadi f/1.8, kama wanavyopenda vijana wa siku hizi, mmoja lazima awe ukungu, na mara nyingi ni mama.

Studio yenyewe siitumii sana kwa kazi hii. Napenda baraza la nyumba yao. Mwezi wa sita huku pwani masika yanakuwa yamekatika, kusi inavuma, anga limeoshwa vumbi. Na jua la Juni kwetu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo baraza linalotazama kusini lina kivuli mchana kutwa. Kivuli hicho chenye anga wazi mbele yake hakichimbi mashimo machoni kama jua la saa sita, na kinampa mzee wa miaka 60 sura yake bila kumwongezea 10. Flashi naiacha begini.

Tatizo la baraza ni ukuta mweupe. Kamera ikiuona inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zetu zinageuka makaa. Mama mwenye buibui jeusi akijaa kwenye picha inatokea kinyume chake: kamera inaongeza mwanga, uso unapauka. Mimi napima mwanga usoni tu, ukuta na nguo vitajijua. Kama mmoja ni mweusi zaidi ya mwenzake, yeye ndiye ninayemsogeza karibu na ukingo wa baraza.

Urefu nao. Vijana wengi wamewapita mama zao kichwa kizima, na wakisimama pamoja kijana analazimika kuinama, anaonekana ana kibiongo. Mkalishe mama kwenye kiti, kijana achuchumae au akae ngazini, halafu wewe mwenyewe shuka hadi usawa wa macho ya mama.

Kuna wazazi waliopita JKT kabla utaratibu wa mujibu wa sheria, yaani wa kwenda kwa lazima, haujasitishwa mwaka 1994. Hao usiwape shughuli yoyote. Waulize walikuwa operesheni gani, yaani jina la kundi walilojiunga nalo, kisha kaa tayari. Atasimulia mchakamchaka na maafande wa enzi hizo, na kijana, ambaye utaratibu ulirudi 2013 akiwa bado mtoto, atamtazama mzazi wake kama mtu mpya. Picha yangu ni ule uso wa kijana, na mzazi akiwa katikati ya sentensi.

Wanaokwenda kwa kujitolea wanakaa miaka miwili, na kwao natumia muda mrefu zaidi, kwa sababu za wazi.

Picha isibaki kwenye simu. Chapisheni kabla ya safari, nakala mbili: kubwa ya fremu kwa mzazi, ya postikadi kwa kijana, iingie bahasha moja na vyeti. Nyuma andikeni tarehe na majina kwa penseli laini. Kalamu ikikandamizwa inatokeza mistari usoni mwa watu.

Na kama mnasindikizana, pigeni picha hadi mchoke pale stendi ya basi. Mkifika geti la kambi, simu mfukoni. Kibao cha kukataza picha kipo, na afande wa getini hana muda wa kusikiliza habari za kumbukumbu ya familia.