"Charge" ni mzigo

Ukisimama kwenye kibanda cha simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia mtu anauliza: "Unachaji shilingi ngapi kuchaji simu?" Hakuna anayeshtuka. Chaji ya kwanza ni bei, ya pili ni umeme, na mwenye kibanda anajibu huku akichomeka waya. Neno la Kiingereza "charge" limeingia kwenye Kiswahili chetu kwa milango miwili, na kila mtu mjini anajua ipi ni ipi.

Kwa Waingereza wenyewe milango ni mingi zaidi, na huko ndiko watu wanakopotea. Kijana mmoja wa jirani aliniletea kazi yake ya tafsiri niipitie, nikakuta ameandika kwamba nyati alimchaji mwindaji. Nilicheka, lakini sikumlaumu. Kamusi ilimpa orodha: bei, shtaka, umeme, shambulio, dhamana, baruti. Haikumwambia hivyo vyote vimekutana wapi.

Vimekutana kwenye mkokoteni. Kwa Kilatini gari la kukokotwa na wanyama liliitwa "carrus", na kutokana nalo likapatikana tendo "carricare", yaani kupakia gari. Wafaransa wakalilainisha, Waingereza wakalichukua kwao. Basi kila ukikutana na "charge", tafuta mzigo: nani anabebeshwa, na anabebeshwa nini?

Dukani unaobebeshwa ni mfuko wako. Benki na kwenye miamala ya simu tunasema makato. Ile tozo ya serikali iliyoanza Julai 2021, ikawapandisha watu presha, ni kitu kingine. Kiingereza chake kilikuwa "levy".

Mahakamani, Kisutu kwa mfano, mzigo ni tuhuma, na karatasi inayosomwa mbele ya mshtakiwa ni hati ya mashtaka. Sisi nasi tunasema fulani kabebeshwa kesi, kwa hiyo picha hii si ngeni kwetu. Ila kuna mtego. "Free of charge" ni bure, lakini anayeachiwa na polisi "without charge" ni mtu ambaye hakufunguliwa mashtaka. Habari hapo haihusu pesa kabisa.

Umeme ulifikaje humo? Kwa njia ya mizinga. Kupakia mzinga baruti kuliitwa "charge" kabla mtu yeyote hajamiliki waya. Miaka ya 1740, Benjamin Franklin na wenzake walipokuwa wakikusanya umeme kwenye mitungi ya kioo, waliazima maneno ya askari: mtungi ukawa unapakiwa kama mzinga, na mitungi kadhaa iliyounganishwa pamoja Franklin akaiita "battery", jina la mizinga iliyopangwa kwa pamoja. Ndiyo betri yetu hiyo. Simu yako ikifika asilimia mbili, baruti imekuishia.

Kwenye zahanati zetu mkuu wa kituo anaitwa inchaji, ingawa kwenye barua za serikali ni mganga mfawidhi. Yeye ndiye aliyetwishwa kituo. Hapa kineno kimoja tu kinageuza mambo. Muuguzi akiwa "in charge of" mtoto, muuguzi ndiye mlezi; akiwa "in the charge of" mtu, yeye ndiye anayeangaliwa. Na mtoto anayelelewa naye anaitwa "charge", kwa sababu mzigo ni yeye. Wazazi wataelewa.

Nyati, sasa. Nionavyo mimi, mzigo wake ni mwili wenyewe, unakuja na pembe zake kukuangukia. Kiswahili chake ni rahisi: alimjia mbio, alimvamia.

Ukishaelewa kupakia, "discharge" haikusumbui tena, maana ni kushusha. Mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, askari ameondolewa jeshini, kidonda kinatoa usaha, vyote vimo humo. Inayokaa karibu zaidi na asili ni ya pale bandarini, ambapo meli ikishusha shehena Waingereza husema ina-"discharge", na shehena yenyewe wanaiita "cargo", ndugu mwingine wa carrus aliyepitia kwa Wahispania.

Ndugu wa karibu kuliko wote tunamtaja kila siku. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliweka kambi upande ule, na midomo ya wenyeji ikalifinyanga jina hilo hadi likawa Kariakoo. "Carrier" inatokana na "carry", nayo "carry" ni mtoto wa mkokoteni uleule. Kwa hiyo yule mteja wa Mtaa wa Aggrey, anapouliza unachaji shilingi ngapi kuchaji, ameutaja ukoo mmoja mara mbili akiwa amesimama kwenye uwanja wa ndugu wa tatu, na pengine mwenye mkokoteni yupo nyuma yake anampigia kelele apishe.