Kwa nini tangi la samaki lililotumika halioshwi kwa sabuni?

Anayepata tangi la kioo lililokwisha kutumika hukimbilia sabuni. Litang'aa, ndiyo, lakini samaki wanaweza kufa ndani yake. Sababu iko kwenye matamvua, viungo ambavyo samaki hupumulia.

Pale kwenye matamvua, damu ya samaki imetenganishwa na maji kwa tabaka jembamba sana la seli lililofunikwa na ute. Kazi ya sabuni ni kulegeza mafuta, na utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Sabuni ikifika hapo huondoa ute, kisha huziharibu seli zenyewe, na samaki hukosa pumzi ndani ya maji yenye oksijeni tele. Mabaki yake hujificha kwenye pembe, hasa kwenye silikoni, ile gundi inayoshika vioo, na kuyatoa yote kwa kusuuza ni kazi ngumu.

Kinachofaa ni siki nyeupe. Ule ukoko mweupe ulioganda kwenye mstari wa maji kwa kawaida ni chokaa, nayo chokaa huyeyuka kwenye asidi. Lowesha kitambaa kwa siki, kibandike hapo nusu saa, kisha kwangua kwa wembe bila kugusa silikoni. Tangi la plastiki lisiguswe na wembe kabisa, maana litachubuka.

Vijidudu ni habari nyingine. Hapa wengi hutumia klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni ndani yake: sehemu 1 kwa sehemu 10 hadi 20 za maji, kwa dakika 10 hadi 15. Mbona sumu hii inaruhusiwa na sabuni hairuhusiwi? Kwa sababu klorini ina mpinzani wake: matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwa wafugaji wa samaki huigeuza ikawa haina madhara. Baada ya hapo suuza, kisha acha tangi likauke kabisa. Ila siki na klorini zisikutane hata kwa bahati mbaya, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Suuza vizuri moja kabla ya kugusa nyingine.

Vaa glavu. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huwatia samaki ugonjwa, na huweza kumwingia binadamu kupitia mchubuko mkononi na kumwachia vidonda visivyopona upesi. Naye ni mgumu kuuawa na klorini kuliko wengi.

Ulizia pia kama mwenye tangi wa awali alitibu samaki kwa dawa ya shaba. Shaba inaweza kubaki ndani ya silikoni na changarawe, na kiasi ambacho samaki huvumilia kinatosha kuwaua kamba na konokono. Changarawe ya zamani mimi ningeitupa tu.

Kisha lijaze maji mahali palipo sawa na imara, kwa sababu lita 100 ni kilo 100 kabla hujahesabu kioo, uliangalie kwa saa 24 kama linavuja.

Hata hivyo usiwaingize samaki siku hiyo. Usafi umewaondoa pia bakteria wema wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na samaki wenyewe, kuwa nitriti, nayo ni sumu, na hatimaye nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Kuwarudisha huchukua kama wiki 4 hadi 6, chujio likifanya kazi na ukitia amonia kidogo ya kuwalisha. Vipimo vya amonia na nitriti vikirudi sifuri, anza na samaki wachache.